Jacques Cartier na Vito vya Jam Saheb

Wahariri wa kitabu hiki cha kumbukumbu walipotuomba tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefanya biashara kwa jina la ukoo wake, bila shaka walitazamia kwamba tungemchagua mmoja wa wazee waliofungua maduka katika mji huu. Wazee hao wamekwisha kuandikwa katika matoleo yaliyopita, tena na watu wenye kalamu nzuri kuliko yetu. Sisi tumemchagua Mfaransa. Tunawaomba wasomaji watuvumilie hadi tufike Jamnagar, kwa sababu huko ndiko habari hii inakoelekea, na kutoka vijiji vya jirani yake ndiko walikotoka mababu wa wengi wanaokutana katika hekalu letu.

Jina lake ni Jacques Cartier. Asichanganywe na baharia wa jina hilo hilo aliyefika Kanada katika karne ya 16. Huyu wetu alikuwa sonara, mwana wa sonara na mjukuu wa sonara. Jina la ukoo wake leo limeandikwa juu ya milango ya maduka ya Dubai, London na New York, na vijana wetu hulitambua kwa saa na bangili. Wachache kati yao wanajua kwamba walikuwa ndugu watatu, na kwamba mdogo wao, aliyekuwa mpole na asiyependa kujitangaza, ndiye aliyeziingiza rangi za Bara Hindi katika kazi yao.

Duka lilianza mwaka 1847. Babu yao, Louis-François Cartier, alikuwa fundi katika karakana ya sonara mmoja wa Paris aitwaye Adolphe Picard, mtaa wa Montorgueil, na mwaka huo aliitwaa karakana hiyo ikawa yake. Mwaka uliofuata mapinduzi yakazuka mjini. Yeyote aliyewahi kufungua duka katika mwaka wa fujo anaijua hofu yake: wateja huficha fedha, na kitu cha kwanza wanachoacha kununua ni kile tunachouza sisi masonara. Alivumilia. Katika miaka ya 1850 alianza kupata wateja wa tabaka la juu, akiwemo Mathilde, binti wa ukoo wa Napoleon, na mwaka 1859 akahamia barabara pana ya Italiens ambako matajiri walikuwa wakitembea jioni. Mwanawe Alfred alishika usukani mwaka 1874. Mwaka 1899 Alfred pamoja na kijana wake mkubwa, Louis, wakahamishia biashara mtaa wa Paix, nyumba nambari 13, na hapo lipo hadi leo.

Louis alizaliwa mwaka 1875, Pierre 1878 na Jacques 1884. Louis alikuwa mwenye kipaji cha kubuni, na ni yeye aliyewasukuma mafundi kuizoea platini. Kwa msomaji asiye wa kazi yetu, yafaa tueleze. Zamani almasi zilipachikwa katika fedha, na fedha hugeuka nyeusi. Zikipachikwa katika dhahabu, umanjano wa dhahabu huingia machoni mwa jiwe na kulififiza. Platini ni nyeupe, haibadiliki rangi, nayo ni imara kiasi kwamba uzi wake mwembamba waweza kulishika jiwe bila kupinda. Ugumu wake ni moto. Dhahabu huyeyuka katika nyuzi 1,064 za Selisiasi; platini husubiri hadi nyuzi 1,768. Marehemu baba yetu aliwahi kujaribu kuyeyusha kipande chake kwa mkaa na mvukuto, siku nzima, kwa ukaidi tu. Kipande kikabaki kama kilivyokuwa, na chungu cha kuyeyushia kikapasuka. Basi waliouweza moto huo walipata vito vyepesi vilivyosukwa kama lesi, na taji za almasi ambazo mwanamke aliweza kuzivaa usiku kucha bila kuumwa kichwa.

Ndugu hawa watatu waligawana dunia. Louis alibaki Paris. Pierre alifungua duka la New York mwaka 1909. Duka la London lilikuwa limefunguliwa mwaka 1902, mwaka wa kutawazwa Mfalme Edward wa Saba, na Jacques akakabidhiwa mwaka 1906 akiwa kijana wa miaka 22. Mwaka 1909 alilihamishia New Bond Street, nambari 175. Kwa kuwa Bara Hindi lilitawaliwa kutoka London, mwenye duka la London ndiye aliyepewa pia Bara Hindi na Ghuba kuwa shamba lake.

Tunakiri kwamba hapa tulisita katika kusoma. Baba yetu naye alikuwa na ndugu wawili. Babu alipofariki waligawana duka moja kwa kuta za mbao, wakawa maduka matatu yenye dirisha moja moja, na mizani ya babu iligombewa hadi mtu wa nje alipoingia kati. Cartier walikuwa na bahari mbili kati yao, na bado waliandikiana barua, wakahamishiana mawe na michoro, na hasara ya mmoja ikabebwa na wengine. Tumejiuliza mara nyingi kama ni umbali uliowaweka pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 1911 Jacques alipanda meli kwenda Bara Hindi. Tarehe 12 Desemba Mfalme George wa Tano alikuwa na darbar kuu mjini Delhi, na maharaja wa pande zote walikuwa wakikusanyika. Jacques alichukua sanduku la mapambo ya kike ya Paris. Alipofika akagundua kwamba hakufahamu jambo ambalo mtoto yeyote wa Kathiawar angemweleza: kule, wanaume wa kasri ndio waliovaa vito vikubwa. Maharaja walikuwa na pambo la kilemba, vidani vya lulu nyuzi saba, na almasi za kufunga mkononi juu ya kiwiko, vyote vilivyorithiwa. Hawakuhitaji mapambo ya wake wa Wazungu. Walichotaka kwake kilikuwa saa za mfukoni za mtindo wa Paris, kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyobeba.

Mfanyabiashara mwingine angerudi nyumbani akiilaumu nchi. Jacques alikaa akatazama. Alikuwa mchoraji hodari, na safari zake zilijaza madaftari. Akaona wenyeji wakitaka mawe yao ya zamani yapachikwe upya kwa mtindo wa Paris, naye akatambua kwamba biashara yake huko haikuwa kuuza vito vilivyokwisha kutengenezwa. Angenunua mawe, na angeyapa mawe ya wateja umbo jipya. Tangu safari ile, Bara Hindi likawa kwake soko la pande mbili.

Akaona pia kazi ya masonara wetu. Katika kundan, dhahabu safi iliyopigwa hadi ikawa nyembamba kama karatasi hukandamizwa kwa mkono kuzunguka jiwe, bila moto wa kuunganishia. Nyuma ya pambo, mahali pasipoonekana na mtu ila pagusapo ngozi ya mvaaji, fundi hupaka mina, yaani rangi za kioo zilizoyeyushwa: nyekundu, kijani, nyeupe. Mtu aliyefunzwa Paris kuacha nyuma ya jiwe wazi ili nuru ipite angeiona kazi hiyo kuwa kinyume cha kila alichojua. Hata neno tunalotumia sote hapa Afrika Mashariki, sonara, lilivuka bahari kutoka huko pamoja na ufundi wenyewe.

Baada ya Bara Hindi alikwenda Ghuba, mwaka 1912, kutafuta lulu. Ipo picha yake maarufu akiwa ameketi Bahrain katikati ya wafanyabiashara wenye kanzu na vilemba, yeye na suti yake. Siku zile lulu nzuri ilipita almasi kwa bei, kwa sababu kulinganisha lulu za mkufu mmoja, rangi kwa rangi na ukubwa kwa ukubwa, kuliweza kuchukua miaka mingi. Biashara ya Paris ilikuwa mikononi mwa madalali wakubwa wachache, naye alitaka kununua pale zinapotoka majini. Bombay ndiyo iliyokuwa soko kuu la lulu za Ghuba, na wengi wa wafanyabiashara wake walikuwa Wagujarati.

Hapa hatuwezi kupita bila kuwataja wazamiaji. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akafunga jiwe la kumshusha mguuni, akatelemka kwa pumzi moja, akakusanya chaza katika kikapu, na mwenzake juu akamvuta kwa kamba. Kazi ilikuwa ya msimu wa joto, kutwa nzima. Nahodha alimkopesha mzamiaji fedha kabla ya msimu, na msimu ulipokwisha deni mara nyingi lilikuwa pale pale. Mtu aliweza kufa akamwachia mwanawe. Tena wengi katika wazamiaji hao, au baba zao, walikuwa wamechukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Majirani zetu wanaosoma kitabu hiki wanastahili kulijua hilo. Mkufu uliovaliwa Paris ulikuwa na pumzi za watu wa kwao ndani yake, na sisi wa ukoo wa Kigujarati hatuna budi kukiri kwamba watu wetu walikuwa kati ya waliozinunua lulu hizo bila kuuliza.

Thamani ya lulu katika miaka ile yaonekana katika jambo alilofanya Pierre mwaka 1917. Mke wa tajiri mmoja wa New York, Morton Plant, aliupenda mkufu wa Cartier wa nyuzi mbili uliokuwa na bei ya dola milioni moja. Pierre alitoa mkufu ule pamoja na dola 100, akapewa jumba zima la Fifth Avenue, na jumba hilo ndilo duka la Cartier hadi leo. Wasomaji waukumbuke mkufu huo. Tutaurudia.

Mwaka 1912 Jacques alimwoa Nelly Harjes, binti wa mwenye benki Mmarekani aliyeishi Paris. Miaka miwili baadaye vita ikaanza. Alivitumikia akiwa askari wa Ufaransa, na mapafu yake hayakuwa mazima tena. Mengi aliyoyafanya baada ya hapo, pamoja na safari za mbali, aliyafanya akiwa mtu wa kuhesabu pumzi zake.

Miaka ya 1920 ndiyo miaka yake. Katika ghorofa za juu za duka la London aliweka karakana iliyoitwa English Art Works, akafunza mafundi wa Kiingereza kazi iliyokuwa ikifanywa Paris tu. Naye alirudi Bara Hindi mara kwa mara, mara nyingine na Nelly, akinunua mawe ya kuchongwa: zumaridi, yakuti nyekundu na yakuti ya samawati zilizonakshiwa umbo la jani, ua au tunda, kama walivyopenda wafalme wa Kimughal. Zumaridi zenyewe zilikuwa zimesafiri sana. Nyingi zilichimbwa Kolombia, zikachukuliwa na Wahispania na Wareno, zikauzwa Bara Hindi, na huko ndiko zilikochongwa.

Desturi ya masonara wa Ulaya ilikuwa kutenganisha rangi. Almasi na platini, basi. Labda zumaridi moja katikati. Cartier wakayapanga mawe haya ya nakshi pamoja, jekundu kando ya kijani kando ya buluu, kama tawi lenye majani na matunda, na almasi ndogo ndogo zikipita katikati kama umande. Wanawake wa Ulaya hawakuwahi kuona mchanganyiko wa namna hiyo. Baadaye vito hivi vilipewa jina la Tutti Frutti, maana yake matunda ya kila aina, na leo ni kati ya vito vinavyogombewa sana minadani. Mtu yeyote aliyewahi kuona shangazi yake akivaa seti ya harusi ataitambua mara moja rangi hiyo. Sisi tulipoiona katika picha kwa mara ya kwanza, hatukufikiri Paris. Tulifikiri sherehe.

Lakini kuna jambo linalotusumbua. Jina la aliyebuni bangili hizo laweza kutafutwa katika madaftari ya Paris, na jina la mwanamke aliyezinunua limeandikwa. Waliokaa chini Jaipur kuchonga majani yale katika yakuti, jiwe gumu linaloshindwa na almasi tu, kwa gurudumu dogo lililozungushwa kwa upinde wa mkono, majina yao hayapo. Hatumlaumu Jacques peke yake. Katika duka la babu yetu, fundi aliyetoboa shanga za dhahabu kwa miaka mingi aliitwa tu fundi wa nyuma, na hata sisi wajukuu hatulijui jina lake.

Sasa tumefika Jamnagar. Dola ya Nawanagar, ambayo mji wake mkuu ni Jamnagar, ilitawaliwa tangu 1907 na Jam Saheb Ranjitsinhji. Ulimwengu unamjua kwa kriketi: alisoma Cambridge, akachezea Sussex na Uingereza yenyewe, na kombe la majimbo ya India linaitwa kwa jina lake. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mjuzi wa vito, mtu wa kushika jiwe na kulipenda kwa lenyewe kabla ya kuuliza bei. Yeye na Jacques wakawa marafiki. Jacques alimsaidia kutafuta mawe na kuyapachika, zikiwamo zumaridi ambazo ziliifanya hazina ya Nawanagar kuwa miongoni mwa zile bora za Bara Hindi.

Kazi kubwa kuliko zote ilikamilika mwaka 1931. Ilikuwa ni mkufu wa almasi za rangi. Almasi nyeupe hupatikana. Almasi ya waridi, ya buluu au ya kijani iliyozaliwa na rangi hiyo ni adimu mno, na kukusanya za kutosha mkufu mzima, zinazokubaliana, ni jambo ambalo sonara wengi hufa bila kuliota. Katikati iliwekwa almasi iitwayo Queen of Holland, ya zaidi ya karati 136, yenye weupe wa kuelekea buluu. Chini yake zilining'inia za waridi, na iliyokuwamo ya kijani cha zeituni. Jacques aliuchora na kuupanga mkufu huo akijua kwamba hali kama ile, ya mteja mwenye ujuzi, mwenye mali na mwenye subira kukutana na mawe hayo yakiwa sokoni kwa wakati mmoja, haingetokea tena katika maisha yake. Jam Saheb aliuvaa miaka miwili tu. Alifariki mwaka 1933. Ilipoandikwa habari ya maisha yake, Jacques aliombwa aandike sura ya vito, naye akaiandika.

Hatusemi haya kwa fahari tupu. Wazee wetu waliondoka Halar, vijiji vinavyozunguka Jamnagar, katika miaka iliyofuata Chhappaniyo, njaa kuu ya 1899 na 1900, walipoona mashamba yamekauka na ng'ombe wamekufa. Walipanda majahazi wakiwa na kopo la shaba na anwani ya mtu wa kijiji chao. Ardhi ile ile iliyowashinda kuwalisha ndiyo iliyolipa ushuru uliojaza hazina ya kasri. Bibi yetu, aliyezaliwa huko, hakupenda Jam Saheb asemwe vibaya mbele yake, na hatutaanza leo. Tunasema tu kwamba tunapoitazama picha ya mkufu ule, tunaona pia lile kopo la shaba. Haki yatulazimu kuongeza kwamba aliyemrithi, Digvijaysinhji, wakati wa Vita ya Pili aliwapokea mamia ya watoto yatima wa Kipolandi huko Balachadi, karibu na Jamnagar, akawapa makazi na chakula wakati nchi nyingi ziliwafungia milango.

Maharaja wa Patiala, Bhupinder Singh, ametajwa zaidi ya Jam Saheb kwa sababu ya kidani chake, kilichoagizwa Paris mwaka 1925 na kumalizika 1928: almasi 2,930, mojawapo ya karati 234. Kwetu sisi kile kilikuwa kishindo cha wingi. Cha Nawanagar kilikuwa cha jicho.

Wakati huo huo chini ya miguu ya biashara ardhi ilikuwa ikisogea. Kutoka Japani, Mikimoto Kokichi alikuwa ameanza kuuza Ulaya lulu za kukuzwa, ambazo chaza hutiwa punje ndani yake na mwanadamu. Masonara wakubwa walizikataa, wakaziita za bandia, kesi zikaenda mahakamani Paris. Lakini ni lulu za kweli zilizotoka ndani ya chaza, na mteja hakuweza kutofautisha kwa macho. Kisha mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na bei ya lulu za asili ikaporomoka. Majahazi ya Bahrain yalibaki ufukoni. Madalali wa Bombay waliokuwa na masanduku ya lulu wakabaki na masanduku. Mkufu ule wa milioni moja uliouzwa kwa jumba la Fifth Avenue ulipigwa mnada mwaka 1957 kwa takriban dola 150,000. Jumba bado limesimama. Kuna mzee katika jumuiya yetu ambaye babu yake alifilisika Bombay kwa lulu hizo, akaja huku kuuza kanga. Alikuwa akisema neno Mikimoto kama wengine wanavyotaja ugonjwa.

London ya Jacques ilinusurika. Mwaka 1936 karakana yake ilitengeneza taji dogo la almasi ambalo mtawala wa York alimnunulia mkewe, wiki chache kabla hawajawa mfalme na malkia. Binti yao aliliazimisha kwa bibi arusi mwaka 2011, na watu wengi wa hapa walilitazama kwenye televisheni bila kujua limetoka karakana gani. Mwaka huo huo Mfalme Edward wa Nane alipata hapo pete ya zumaridi ya karati 19.77 kwa ajili ya mwanamke ambaye kwa sababu yake aliacha kiti cha enzi. Kwa kutawazwa kwa mwaka 1937, duka lilitoa mataji 27.

Vita ya Pili ilimkuta akiwa Ufaransa, na afya imekwisha. Ndugu zake walikuwa mbali. Huko London wasaidizi wake walimpa Jenerali de Gaulle nafasi ya ofisi katika nyumba ile ya New Bond Street, na mwenye duka mwenyewe akiwa upande wa pili wa bahari, katika nchi iliyokaliwa na adui. Jacques alifariki Dax, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwezi Septemba 1941, akiwa na umri wa miaka 57. Louis alimfuata New York mwaka 1942. Pierre aliishi hadi 1964.

Baada ya hapo biashara ilikuwa ya mabinamu. Mwana wa Louis alipewa New York, binti wa Pierre Paris, na mwana wa Jacques, Jean-Jacques, aliyezaliwa 1919, London. Kila mmoja alikuwa na duka lake na hesabu yake. New York liliuzwa kwa watu wa nje mwaka 1962, na Paris nalo likauzwa katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Jean-Jacques, mchoraji kama baba yake, alishikilia London hadi 1974, akiwa Cartier wa mwisho ndani ya Cartier, kisha naye akauza. Ukoo ulimiliki kazi hii kwa miaka 127.

Vito vyenyewe vilitawanyika kwa namna yake. Serikali ya India ilifuta posho za maharaja mwaka 1971, lakini mengi yalikuwa yamekwisha kuondoka kabla ya hapo. Kidani cha Patiala kilitoweka. Almasi yake kubwa ikaonekana mnadani Geneva mwaka 1982, na mwaka 1998 mnyororo wake, uliong'olewa mawe makubwa, ukakutwa katika duka la vitu vikuukuu London. Mkufu wa Jam Saheb ulivunjwa na almasi zake kuuzwa. Umebaki mchoro. Mwaka 2018 Cartier waliufuata mchoro huo kutengeneza mkufu wa filamu moja ya Marekani kwa mawe ya kuigiza, wakaupunguza ukubwa, kwa sababu ule wa kwanza ulipimwa kifuani mwa mwanamume na huu ulikuwa wa kuvaliwa na mwigizaji wa kike.

Mwaka 2009 Jean-Jacques alitimiza miaka 90. Mjukuu wake alishuka ghala ya chini ya nyumba kutafuta chupa ya kinywaji cha sherehe, akakuta sanduku la safari, kuukuu, lenye kufunikwa na vumbi. Ndani mlikuwa na barua za wale ndugu watatu, fungu kwa fungu, zimefungwa kwa utepe. Alikaa miaka kumi akizisoma na kuzifuatilia, hata akatoa kitabu.

Sisi nasi tuna sanduku moja, la bati, lililokuwa upande wa duka wa baba yetu baada ya kuta za mbao kuwekwa. Ndani mna madaftari ya babu, kwa Kigujarati cha wafanyabiashara wa zamani, tola na wakia, jina la mteja na uzito wa pambo. Watoto wetu hawawezi kuyasoma. Mjukuu mmoja aliyeko Leicester ameomba yapigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, na tumsomee kwa simu siku za Jumapili. Tumeanza na daftari la 1938. Tumefika ukurasa wa 40, na bado tunamtafuta humo yule fundi wa nyuma.